EEOC kwa mwanamume aliyenyanyaswa kingono na mwanamume mwenzake kazini: huduma ya bure, kalenda isiyosamehe

Tume ya Fursa Sawa za Ajira ya Marekani, EEOC kama kila mtu anavyoiita, ni mlango usiokwepeka kwa mfanyakazi wa sekta binafsi anayetaka kumbana mwajiri kwa unyanyasaji wa kingono chini ya sheria ya shirikisho, yaani Sura ya VII ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Ukienda mahakamani bila kupita hapo, mwajiri ataomba kesi itupwe na kwa kawaida atafaulu. Hapa tunaitazama huduma hiyo kwa jicho la mteja mmoja tu: mwanamume ambaye aliyemshikashika, aliyemtaka au aliyemdhalilisha ni mwanamume mwenzake, na sasa anauliza kama kampuni inawajibika.

Tunaipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Moja imeondoka kwa sababu ya mwendo wa kobe. Nusu imekwenda na dari ya fidia, yaani kikomo cha pesa unazoweza kulipwa, ambacho si kosa la tume bali la Bunge, ila mteja ndiye anayeumia.

Kwanza wasiwasi unaowarudisha wengi mlangoni: je, wanaume wanapokelewa? Wanapokelewa, na si kwa hisani. Tarehe 4 Machi 1998 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa sauti moja, majaji wote 9, kwamba sheria hii inahusu pia unyanyasaji kati ya watu wa jinsia moja. Kesi ni Oncale dhidi ya Sundowner Offshore Services. Joseph Oncale alikuwa kibarua wa jukwaa la mafuta katika Ghuba ya Mexico mwaka 1991, katika kikosi cha wanaume 8. Alidai kwamba wenzake, wawili kati yao wakiwa na mamlaka juu yake, walimdhalilisha kingono mbele ya wengine na kumtishia ubakaji. Alipomweleza karani wa usalama wa kampuni, karani alimjibu kwamba hata yeye wanamsumbua hivyohivyo. Oncale akaacha kazi, na akaomba karatasi yake ya kuondoka iandikwe kwamba ameondoka kwa hiari kwa sababu ya unyanyasaji wa kingono na matusi.

Hiyo karatasi itazame vizuri. Watu wengi wakiacha kazi huandika "sababu za kifamilia" ili waondoke kwa amani, halafu miezi mitatu baadaye wanadai walifukuzwa na mazingira. Wakili wa kampuni ataitoa ile karatasi kabla ya kitu kingine chochote. Ukiondoka, andika sababu halisi, hata kama ni mstari mmoja.

Takwimu za tume yenyewe zinaonyesha wanaume si wageni pale: malalamiko ya unyanyasaji wa kingono yaliyoletwa na wanaume yalikuwa asilimia 11.6 ya yote mwaka wa fedha 1997, na kufikia 2011 yalikuwa asilimia 16.3.

Penye ugumu ni kwingine. Sheria haikatazi ubaya wa tabia kwa jumla, inakataza ubaguzi "kwa sababu ya jinsia". Mwanamke anayetongozwa na bosi wa kiume hupita kigezo hiki bila jasho, kwa kuwa mahakama hudhani kwamba bosi asingemfanyia hivyo mwanamume. Mwanamume anayefanyiwa na mwanamume hapewi dhana hiyo bure, lazima aijenge. Jaji Scalia, aliyeandika hukumu ya Oncale, alitaja njia tatu. Ya kwanza ni kuonyesha kwamba mnyanyasaji alikuwa na tamaa ya kweli, na hapa ujumbe wa simu wa kutaka ngono una uzito kuliko uvumi wowote kuhusu maisha yake. Ya pili ni kuonyesha kwamba anachukia uwepo wa wanaume mahali pale. Hii ni adimu. Ya tatu ni kulinganisha jinsi anavyowatendea wanawake na wanaume katika sehemu yenye jinsia zote. Lakini kwenye mtambo, meli au karakana ya wanaume watupu huna wa kumlinganisha naye, na ndiko visa hivi vinakojaa.

Hapo ndipo njia ya nne inapookoa jahazi: mwanamume aliyenyanyaswa kwa kuonekana "si mwanamume wa kutosha". Msingi wake ni hukumu ya Price Waterhouse dhidi ya Hopkins ya 1989, iliyosema kumbagua mtu kwa kutolingana na picha ya jinsia yake ni ubaguzi wa kijinsia. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya mzunguko (yaani kanda) wa 5, majaji wake wote wakiketi pamoja, iliitumia kwa kikosi cha mafundi chuma waliokuwa wakitengeneza daraja la ziwa Pontchartrain, Louisiana, katika kesi ambayo EEOC yenyewe iliishtaki kampuni ya Boh Brothers. Msimamizi alimwandama fundi mmoja kwa matusi na ishara za ngono karibu kila siku, na moja ya chanzo cha kejeli ni kwamba fundi huyo alitumia vitambaa vyenye unyevu chooni badala ya karatasi. Hakuna aliyedai msimamizi alimtamani. Mahakama ilikubali kwamba baraza la wazee wa mahakama lingeweza kuona alimwandama kwa kumwona ana mambo ya kike. Kisha tarehe 15 Juni 2020 ikaja Bostock dhidi ya Kaunti ya Clayton: kumfukuza mtu kwa kuwa ni shoga au amebadili jinsia ni kumbagua kwa jinsia yake. Kwa hiyo swali la zamani, kama matusi ni ya "ushoga" au ya "jinsia", halina tena makali liliyokuwa nayo.

Kuna pengo moja linaloudhi, na tunalitaja kwa sababu watu hulitumbukia. Mnyanyasaji anayewafanyia wote, wake kwa waume, kwa namna ileile, anaweza kuponyoka. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 7 ilitupa kesi ya mume na mke waliodai kwamba msimamizi mmoja aliwataka wote wawili. Kama haki ni duara, hapo limepinda. Basi usiandike kwenye malalamiko kwamba "anamfanyia kila mtu" ukidhani unaongeza uzito. Kama anawafanyia wanaume tu, sema wanaume tu. Na usibadili ukweli, kwa maana utatia saini chini ya adhabu ya uongo.

Sasa huduma yenyewe. Unaanzia publicportal.eeoc.gov au simu 1-800-669-4000. Kwenye simu omba mkalimani wa Kiswahili mwanzoni kabisa, kabla hujaanza kueleza kisa. Tovuti inakuuliza maswali machache, unaacha ulizo (maelezo ya awali ya kuulizia, "inquiry"), unapanga mahojiano, na baada ya mahojiano mtumishi wa tume anaandaa hati ya malalamiko ambayo unaisaini. Mtego mkubwa wa huduma nzima umejificha hapa: ulizo si malalamiko. Aliyejaza ulizo siku ya 170 tangu tukio, mahali ambapo kikomo ni siku 180, akapewa miadi ya siku ya 200 na kukaa akisubiri, anaweza kukuta mlango umefungwa. Ikiwa zimebaki siku 60 au pungufu, tovuti ina maelekezo ya haraka. Yafuate siku hiyohiyo.

Siku zenyewe ni 180 tangu tukio, au 300 pale ambapo jimbo au mji una wakala unaosimamia sheria ya aina hiyo. Wikendi na sikukuu zinahesabiwa, ingawa siku ya mwisho ikiangukia hapo unasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Kwa unyanyasaji wa mfululizo hesabu inaanzia tukio la mwisho, na yaliyotangulia yanaweza kuangaliwa yote: ndivyo ilivyoamuliwa mwaka 2002 katika kesi ya shirika la taifa la reli ya abiria dhidi ya Morgan. Kufukuzwa au kushushwa cheo ni tukio linalojitegemea na lina saa yake. Kulalamika HR (idara ya rasilimali watu) au kupitia chama cha wafanyakazi hakusimamishi saa hiyo. Watumishi wa serikali ya shirikisho wana njia yao tofauti na muda mfupi zaidi: siku 45 kumfikia mshauri wa ndani.

Kabla ya kujaza lolote, hesabu watu. Sheria hii inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi, kwa angalau wiki 20 za mwaka huu au uliopita. Madereva wa lori wenye gari lao na wa programu za simu mara nyingi huhesabiwa kuwa wakandarasi, nao wako nje. Walioajiriwa kupitia wakala wa vibarua wako ndani, na wote wawili, wakala na kampuni ya ghala au kiwanda, wanaweza kuwajibika. Waandike wote kwenye hati. Anayeandika jina la wakala peke yake kwa kuwa ndiye anayelipa mshahara hujikuta baadaye akipambana na kampuni inayodai haikutajwa. Hali ya uhamiaji haikuondoi kwenye ulinzi.

Ubora wa matokeo unategemea maelezo kuliko kitu kingine. Linganisha. Hati dhaifu husema: "Bosi wangu ananidhalilisha kila siku na kampuni inajua." Hati inayosimama husema: "Jumanne tarehe 11 Machi, saa 2:10 alasiri, chumba cha kubadilishia nguo, msimamizi wa zamu alinishika makalio mbele ya wafanyakazi wawili (majina), akasema (maneno yake). Saa 2:40 nilimtumia meneja wa kiwanda ujumbe, nakala imeambatishwa. Tarehe 14 Machi nilipangiwa zamu na msimamizi yuleyule." Ya pili ina tendo, shahidi, taarifa kwa kampuni, na kampuni kukaa kimya.

Umeona saa? Saa 2:10 alasiri ni saa za Kizungu, yaani saa nane na dakika kumi kwetu. Si mchezo huu. Anayefikiri kwa Kiswahili akiandika "saa 8" kwenye shajara, kisha rekodi ya mlango ikaonyesha aliingia kazini saa nne asubuhi, yaani 10:00 kwa saa za Kizungu, amempa wakili wa kampuni zawadi. Andika saa kama inavyosomeka kwenye rekodi ya zamu. Maneno ya mnyanyasaji nayo yaandike kwa lugha aliyoyasema. Kama alitukana kwa Kiswahili, weka Kiswahili kwanza, tafsiri baadaye. Neno kama "shoga" likitamkwa na mwanamke kwa mwenzake ni urafiki, likitamkwa na mwanamume kwa mwanamume karakanani ni tusi, na mkalimani asiyeelezwa anaweza kulilainisha. Kurekodi kwa siri ni jambo la kuulizia kwanza: majimbo yanatofautiana, na California inataka pande zote za mazungumzo ya faragha zikubali.

Je, kampuni inawajibika? Jibu linategemea aliyetenda ni nani, na Kiswahili chetu kinatuponza, maana "bosi" ni yeyote anayetoa amri. Mwaka 2013, katika kesi ya Vance dhidi ya Chuo Kikuu cha Ball State, Mahakama ya Juu ilibana maana: msimamizi ni yule aliyepewa na mwajiri uwezo wa kukuajiri, kukufukuza, kukupandisha au kukubadilishia hali ya ajira kwa kiasi kikubwa. Kiongozi wa zamu anayekuelekeza tu kazi ya siku ni mfanyakazi mwenzako mbele ya sheria.

Aliyekunyanyasa akiwa msimamizi wa kweli, na unyanyasaji ukaishia kwenye kufukuzwa, kushushwa au kupunguziwa mshahara, kampuni inawajibika moja kwa moja. Rushwa ya ngono iliyokataliwa kisha mtu akafukuzwa iko hapa. Pasipo hatua ya namna hiyo, kampuni ina kinga moja, iliyowekwa na hukumu mbili za tarehe 26 Juni 1998, Faragher na Ellerth: ithibitishe kwamba ilichukua hatua za busara kuzuia na kurekebisha haraka, na kwamba wewe bila sababu ya maana hukutumia njia ilizoweka. Yote mawili, si moja. Aliyekunyanyasa akiwa mwenzako wa kawaida, mzigo unahamia kwako: uonyeshe kwamba kampuni ilijua au ilipaswa kujua, na haikufanya la kutosha.

Mara nyingi ushahidi wa mwisho huja kwenye swali moja: ulimwambia nani, lini, na kwa maandishi? Wanaume ndio wanaoshindwa hapa zaidi kuliko kwenye sheria yenyewe. Wanalichukulia kama utani wa wanaume, wanajibu kwa utani, wanavumilia, na siku wanapofika EEOC kampuni inasema haikuwahi kusikia, tena ina ujumbe wao wenye vikaragosi vya kucheka. Ukishajibu kwa kicheko, usiufute ujumbe. Andika mwingine usio na utani: "Sitaki uniguse wala uniambie maneno hayo tena." Kisha HR, kwa barua pepe, na nakala ibaki nje ya mfumo wa kampuni. Tumia neno "unyanyasaji wa kingono" kwa Kiingereza chake rasmi, "sexual harassment", si "ugomvi" au "kukosewa heshima", ili barua isije kusomwa kama kutoelewana kwa kawaida.

Si kila mguso ni kesi. Scalia alitoa mfano wa kocha wa mpira anayempiga mchezaji kofi la makalio akiingia uwanjani: si unyanyasaji, ila kofi hilohilo kwa katibu wake ofisini laweza kuwa. Kigezo ni ukali au wingi wa vitendo kwa macho ya mtu wa kawaida aliye katika nafasi yako.

Waajiri wanaosoma hapa wajifunze kwa jiji la Boca Raton, lililoshindwa katika Faragher. Sera lilikuwa nayo, ila haikuwafikia waokoaji wa ufukweni. Sera ya kubandikwa ukutani makao makuu haimkingi mwajiri kwa kinachotokea kwenye jukwaa, ghala au kambi ya ujenzi. Ionyeshe waziwazi kwamba inahusu mwanamume kwa mwanamume, itaje watu wawili au zaidi wa kupokea malalamiko ili aliyenyanyaswa asilazimike kupeleka malalamiko kwa mnyanyasaji wake, na anayepokea asijibu kama yule karani wa Oncale.

Malalamiko yakishasainiwa, mwajiri anajulishwa ndani ya siku 10. Kisha tume inaweza kupendekeza usuluhishi, na hii ndiyo sehemu tunayoipenda zaidi. Ni wa bure, wa hiari kwa pande zote, kikao huchukua kwa kawaida saa 3 hadi 4, na kwa wastani jambo humalizika chini ya miezi mitatu. Uchunguzi wa kawaida huchukua miezi 10 au zaidi. Mwajiri hutakiwa kuleta tamko lake la utetezi, kwa kawaida ndani ya siku 30. Omba nakala. Haiji yenyewe, na una siku 20 za kulijibu. Kutolijibu ni kosa la bei mbaya, kwa maana hapo ndipo utakapoona kampuni imeshikilia hoja gani: hukulalamika, au "ni utani tu", au yule hakuwa msimamizi.

Kulipiza kisasi ni marufuku tangu unapolalamika, hata kama malalamiko ya msingi hayatafaulu, mradi uliamini kwa busara kwamba sheria imevunjwa. Katika miaka ya karibuni takriban nusu au zaidi ya hati zote zinazofika EEOC zimetaja kisasi. Ukipunguziwa saa wiki mbili baada ya kulalamika, ongeza kwenye hati. Usidhani mchunguzi ataunganisha mwenyewe.

Pesa. Fidia ya maumivu na ya adhabu kwa pamoja ina dari, kulingana na idadi ya wafanyakazi: dola 50,000 kwa 15 hadi 100; 100,000 kwa 101 hadi 200; 200,000 kwa 201 hadi 500; 300,000 kwa zaidi ya 500. Kiasi hiki kiliwekwa mwaka 1991 na hakijaguswa tangu hapo. Katika kesi ya daraja la Pontchartrain baraza lilitoa 201,000 za maumivu na 250,000 za adhabu. Jaji akalazimika kushusha hadi jumla ya 300,000, na rufaani ile ya adhabu ikafutwa. Mishahara iliyopotea na gharama za wakili haziingii ndani ya dari.

Ndiyo maana kabla ya kutegemea EEOC pekee, angalia jimbo lako. California sheria yake ya unyanyasaji inamgusa hata mwajiri wa mtu mmoja, inatoa miaka 3 ya kulalamika, haina dari hiyo, na tangu 2014 inasema wazi kwamba unyanyasaji wa kingono si lazima utokane na tamaa ya ngono. Kwa mwanamume aliyenyanyaswa na mwanamume, sentensi hiyo moja ina thamani kuliko kurasa za hoja. Texas nayo tangu Septemba 2021 inawabana kwa unyanyasaji wa kingono waajiri wenye hata mfanyakazi mmoja. Hati ya EEOC kwa kawaida hupelekwa pia kwa wakala wa jimbo, lakini hakikisha kisanduku cha kuipeleka huko kimewekwa alama kwenye hati. Na ikiwa ulisaini mkataba wa kupeleka migogoro yote kwa mwamuzi wa faragha badala ya mahakama, sheria iliyosainiwa tarehe 3 Machi 2022 inakuruhusu kuukataa kwa madai ya unyanyasaji wa kingono yaliyozuka tangu siku hiyo.

Kesi nyingi huisha kwa tume kufunga faili bila kusema kampuni ina hatia wala haina. Usiisome barua hiyo kama kushindwa: ndiyo inayokupa haki ya kwenda mahakamani, na baada ya siku 180 unaweza kuiomba mwenyewe bila kungoja. Ila una siku 90 tu tangu kuipokea, na hizo ni za kufungua kesi, si za kuanza kutafuta wakili. Siku hizi barua huwekwa kwenye akaunti yako ya tovuti na taarifa huja kwa barua pepe, kwa hiyo usitumie anwani ya kazini ambayo kampuni inaweza kuifunga, na fungua folda ya barua taka kila wiki.